Usiikate Stempu, Itunze Bahasha

Mwaka 1986 nilikuwa na umri wa miaka 11, na tulikuwa tumerudi Arua, Uganda, kutoka Zaire tulikokimbilia vita. Haboba wangu, maana ndivyo sisi Wanubi tumwitavyo bibi, alikuwa na sanduku la bati la kijani ambalo mama alilivusha mpaka kwa kichwa wakati wa kukimbia, akalirudisha kwa kichwa wakati wa kurudi. Ndani mlikuwa na kanga mbili, tasbihi, cheti cha babu cha kustaafu jeshini, na barua 23 zilizofungwa kwa uzi mweusi. Babu alikuwa askari wa jeshi la King's African Rifles (K.A.R.). Zile zilikuwa barua walizoandikiana, yeye akiwa kambini Jinja na haboba akiwa nyumbani Arua.

Shuleni nilikuwa nimesikia habari za watoto wanaokusanya stempu. Siku moja haboba alipokwenda msibani nilifungua lile sanduku, nikachukua mkasi. Nilitoa barua moja moja, nikakata pembe za bahasha penye stempu, nikazitumbukiza pembe zile katika karai la maji. Gundi ikalainika, stempu zikaachana na karatasi, nami nikazianika juu ya mkeka chini ya mwembe: makorongo, majahazi, mlima wenye theluji, na juu ya kila moja kichwa cha mfalme wa Uingereza. Barua zenyewe nilizirudisha sandukuni. Bahasha zilizokatwa pembe niliziacha kando ya sigiri, na jioni ile dada yangu akazitumia kuwashia makaa.

Haboba alipofungua sanduku hakunipiga. Alizishika zile barua, akazigeuza huku na huku, akaniuliza: "Sasa nitajuaje ipi ni ipi?" Hakujua kusoma. Barua zake alizijua kwa sura ya bahasha. Yenye doa la chai ilikuwa ya mwaka aliozaliwa mjomba. Yenye muhuri uliogongwa mara mbili ndiyo iliyoleta habari kwamba babu amepandishwa cheo. Mimi nilikuwa nimechoma kile alichokuwa akikisoma.

Swali lile sijaliacha tangu siku hiyo, na ndilo linaloniandikisha makala hii. Kila zinapotajwa stempu za kwanza za Uganda, mazungumzo hukimbilia bei: zinauzwa kwa maelfu ya pauni, ziko kwenye minada ya London, mwenye nayo moja ametajirika. Nami nasema kwamba kwetu watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mali iko kwenye bahasha iliyoibeba stempu, kwenye muhuri ulioipiga, na kwenye jina la mtu aliyeandikiwa. Mali hiyo ingali ndani ya masanduku ya wazee wetu, Arua, Koboko, Yumbe na Moyo. Tusipoiokoa sisi, mchwa na sigiri vitaimaliza.

Taipureta ya Mengo

Tuanzie mwanzo, maana mwanzo wenyewe ni hadithi ya kuvutia kuliko bei zake.

Uganda ilitangazwa kuwa nchi ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1894. Mwaka uliofuata George Wilson, afisa wa serikali pale Kampala, alitaka kuanzisha posta. Barua zilikuwa zikibebwa na matarishi na misafara ya miguu, na stempu zikiagizwa Uingereza zingechukua miezi kufika. Wilson akamwendea Kasisi Ernest Millar wa Church Missionary Society pale Mengo, kwa sababu Millar alikuwa na kitu ambacho serikali haikuwa nacho: taipureta.

Huduma ilianza tarehe 20 Machi 1895, na stempu zake zilipigwa kwa mashine ile, moja baada ya nyingine. Millar alichukua karatasi nyembamba, akaigawa kwa mistari, akajaza kila chumba herufi U na G, na katikati tarakimu ya bei. Ukurasa mmoja ulitoa stempu 117. Baadaye alizibana zikawa nyembamba, ukurasa ukatoa 143. Hazikuwa na gundi mgongoni wala vitobo vya kuchania. Aliyetaka kutuma barua alikatiwa yake kwa mkasi, akaibandika kwa gundi yake mwenyewe, na mtu wa posta akaifuta kwa kalamu ya wino. Stempu za bei fulani zilipokwisha, tarakimu ya zamani ilikatwa kwa kalamu na mpya ikaandikwa juu yake. Millar alipopata mashine nyingine, herufi zikawa ndogo zaidi, na baadaye utepe wa wino mweusi ukaiachia nafasi zambarau. Mkusanyaji wa leo anazipanga stempu hizi kwa alama hizo: upana wa stempu, upana wa herufi, rangi ya utepe. Kwa sababu kila moja ilipigwa kwa kidole cha mtu, hakuna mbili zilizo sawasawa kabisa.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni bei yenyewe. Haikuwa peni wala rupia. Ilikuwa kauri. Stempu ziliandikwa 5, 10, 20, hadi 60, na maana yake ni idadi ya makombe ya kauri uliyopaswa kuhesabu mezani. Kauri 200 zilikwenda kwa rupia moja. Makombe hayo yaliletwa na misafara kutoka pwani, yakipanda bara pamoja na nguo na shanga, na Buganda yalikuwa fedha halali kwa miaka mingi kabla ya bendera ya mgeni. Hata leo Mganda akisema fedha anasema ensimbi, na simbi ndiyo kauri yenyewe. Kwa sababu ya bei hizo wakusanyaji wa dunia nzima wanaziita stempu hizi kwa jina la kombe.

Tafakari maana yake. Dola iliyotawala bahari zote, iliyotoa stempu ya kwanza ya gundi duniani mwaka 1840, ilipofika Mengo ilibidi iulize: hapa watu wanalipa kwa nini? Ikaambiwa kauri, ikaandika kauri. Mgeni alipima kwa kibaba cha mwenyeji. Mwezi Juni 1896 stempu ziliongezewa herufi V na R za Malkia Victoria pamoja na jina la Uganda, lakini bei ikabaki ya makombe. Naamini hakuna karatasi ya serikali ya wakati ule inayoonyesha wazi kuliko hiyo kwamba utawala ulianza ukiwa dhaifu, ukitegemea soko la watu uliokuja kuwatawala.

Haikudumu. Tarehe 7 Novemba 1896 zilitoka stempu zilizochapwa kwa herufi za chuma, na bei zake zilikuwa anna na rupia. Mwaka 1898 zikafuata zilizochorwa vizuri na kampuni ya De La Rue ya Uingereza, zenye uso wa malkia. Tangu kauri ya kwanza hadi anna ya kwanza ni karibu miezi 20 tu. Kwa muda huo mfupi mwenyeji alikwisha kuwa mgeni katika hesabu ya nchi yake.

Luba's, mahali pa mambo mawili

Zile stempu za Novemba 1896 hazikuchapwa Mengo. Zilichapwa na Kasisi F. Rowling kwenye kituo cha misheni cha Luba's, Busoga, kando ya Ziwa Victoria. Mkusanyaji wa stempu akisikia Luba's anafikiria chapa ya Rowling. Mnubi akisikia Luba's anainamisha kichwa.

Sisi ni watoto wa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta. Mahdi, kiongozi wa waasi, alipoiteka Sudan, Emin alikatiwa njia ya kaskazini akarudi nyuma hadi Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, katika nchi ambayo leo ni West Nile. Kutoka huko barua zake zilitafuta njia ya kusini kupitia Bunyoro na Buganda, mkononi mwa mmisionari Alexander Mackay, hadi Zanzibar. Posta ya kwanza ya upande wetu haikuwa na stempu. Ilikuwa na miguu ya watu na radhi za wafalme waliopitiwa njiani. Emin aliondoka na mvumbuzi Stanley mwaka 1889, lakini askari wake wengi walibaki. Mwaka 1891 Mwingereza Kapteni Lugard akawakuta Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, wakiwa chini ya Selim Bey, akawachukua pamoja na wake na watoto wao, akawaweka katika ngome za Uganda. Millar alipokuwa akigonga taipureta yake, wazee wetu ndio waliokuwa wakishika bunduki getini.

Mwaka 1897 askari hao walichoka. Mshahara ulikuwa mdogo na ulikuja kwa kuchelewa, na kila walipomaliza safari moja ya vita waliamriwa nyingine, mbali na familia zao. Waliasi huko Ravine, ambako leo ni Kenya, wakarudi kwa miguu hadi Busoga, wakaikamata ngome ya Luba's. Meja Thruston, afisa wao Mwingereza, na wenzake wawili wakauawa humo. Mapigano ya pale ngomeni yaliendelea hadi Januari 1898, na mmoja wa waliokufa mwezi Desemba alikuwa George Pilkington, mtu aliyeongoza kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kiganda. Wanubi waliokufa, majina yao hayako kwenye ukuta wowote ninaoujua.

Kwa nini nayaweka mambo haya mawili pamoja? Kwa sababu katika albamu yako mbali mbali. Stempu ya anna moja ya Rowling inawekwa kwenye karatasi safi, inaelezwa aina ya chapa na ukubwa wa herufi, na habari inaishia hapo. Haisemwi kwamba mwaka mmoja baadaye, mahali palepale, watu waliolipwa kwa kuchelewa walichukua silaha. Albamu ya mtu wa mbali haina sababu ya kukumbuka hilo. Yetu inayo.

Nchi iliyobadilishiwa stempu

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1895 Uganda ilipopata stempu zake, Arua haikuwa Uganda. Koboko haikuwa Uganda. Kwa mkataba wa mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado, yaani nchi hii ya magharibi ya Nile, alitumie kwa maisha yake. Stempu ya serikali upande huu ikawa ya Dola Huru ya Kongo, na picha zake zilikuwa bandari ya Matadi, maporomoko ya Stanley, na uwindaji wa tembo. Tembo ndiye aliyewaleta watu wa Leopold, na pembe zake ndizo zilizopita njia zile kwa wingi kuliko barua.

Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan, na stempu ya Sudan ilikuwa ile ya tarishi juu ya ngamia, iliyochorwa na Kapteni Stanton na kutolewa mwaka 1898. Ngamia wa jangwani akawa nembo ya barua katika nchi ya mvua, mihogo na miembe. Kisha tarehe 1 Januari 1914 sehemu ya kusini ya Lado ikahamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead akaja kuwa mkuu wa wilaya wa kwanza na kuijenga Arua. Mzee wa Kikakwa aliyezaliwa kwenye kilima kimoja na asikihame alikuwa chini ya stempu tatu kabla mvi hazijamtoka. Mipaka ilipochorwa ikamwacha na ndugu upande wa Kongo na ndugu upande wa Sudan. Ukienda leo Salia Musala, Koboko, penye mkutano wa nchi tatu, utaona watu wakivuka kwenda arusini na mazishini kama walivyovuka siku zote.

Tena kuna hili ambalo wengi hawalijui. Hata tulipoingizwa Uganda, hatukupata stempu iliyoandikwa Uganda peke yake. Tangu mwaka 1903 posta ilikuwa imeunganishwa, na stempu ziliandikwa Afrika Mashariki na Uganda kwa pamoja. Mwaka 1922 zikawa za Kenya na Uganda. Mwaka 1935 Tanganyika ikaongezwa. Stempu zilizosomeka Uganda tu, kwa mara ya kwanza tangu Arua ijengwe, zilikuja mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mojawapo katika hizo za uhuru ilionyesha kilimo cha tumbaku, zao ambalo mikono ya West Nile inalijua tangu kitaluni hadi kwenye bani la kukaushia.

Kenya, Uganda, Tanganyika. Soma majina hayo, kisha tembea Arua upande wa Oli. Utapita kata ya Kenya. Utapita kata ya Tanganyika. Utapita Pangisha, ambayo jina lake ni Kiswahili kitupu. Mji wetu umeandikwa kama stempu ya babu. Watu waliojenga mitaa ile walikuwa askari, mafundi, wachuuzi na vibarua waliokwenda wakarudi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Wanaume wa West Nile walikwenda kwa maelfu kukata miwa Kakira na Lugazi, na kwenye mashamba ya Buganda. Wengine walivaa kofia za K.A.R., wakapelekwa hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Kila mmoja aliacha mtu nyumbani aliyengoja karatasi. Barua zilisafiri kwa reli na kwa basi, zikavuka Ziwa Albert kwa meli kutoka Butiaba, zikateremka Nile, zikapanda barabara ya vumbi hadi Arua.

Haboba alinieleza jinsi ilivyokuwa. Alikwenda mtaa wa Bazaar kwa karani aliyeketi barazani na kalamu yake, akamwambia maneno kwa Kinubi, naye akayaandika kwa Kiswahili. Mwisho karani alimsomea tena. Kama neno halikumridhisha, alilipa senti za kuandikiwa upya. Bahasha aliifunga yeye mwenyewe kwa ulimi wake, kwa sababu hilo, alisema, hakutaka lifanywe na mtu mwingine.

Nani atakumbuka kwa niaba yetu?

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: stempu ni alama ya mkoloni, ina kichwa cha mfalme wake, kwa nini tuienzi? Jibu langu ni kwamba kichwa ni chake lakini barua ni yetu. Yeye alichukua senti 20 za babu na kuweka picha yake pale juu. Chini ya picha ile kuna jina la Mnubi, namba yake ya jeshi, na mkono wa karani wa Arua. Tukiitupa bahasha kwa hasira ya kile kichwa, tunachokitupa ni jina letu, kwa sababu picha yake imechapwa kwa mamilioni na haitapotea.

Ya pili: vitu hivi viko salama Ulaya, wenzetu wana wataalamu. Ni kweli wana wataalamu, na tunawashukuru kwa elimu yao. Stempu za kauri ni rahisi kughushi, kwa kuwa mtu mwenye taipureta ya zamani na karatasi ya kale anaweza kujaribu, na bila wataalamu hao wa kupima herufi, karatasi na wino, tungedanganywa kila siku. Jumuiya ya Kifalme ya wakusanyaji stempu ya London ilianzishwa mwaka 1869, kabla hata Mengo haijafikiwa na mmisionari. Lakini mtaalamu huyo anaweza kukuambia kama stempu ni halali. Hawezi kukuambia doa la chai ni la siku gani. Hilo lilimhitaji haboba, na haboba alizikwa mwaka 1998.

Ya tatu ndiyo inayoniuma: watu wanasema barua zimekwisha, sasa kuna simu. Ndiyo, zimekwisha, na ndiyo maana zilizopo ndizo zote zitakazokuwepo. Na sisi wa West Nile tulizipunguza kwa moto kuliko wengine. Aprili 1979 serikali ya Idi Amin, mwana wa upande wa Koboko, ilianguka. Posta ikachukua stempu zilizokuwepo, ikazigonga maneno ya kusema Uganda imekombolewa 1979. Sibishani na furaha ya waliozibandika. Wengi walikuwa wameumizwa sana na utawala ule. Lakini stempu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwenye barua wakati vijiji vyetu vilipoanza kulipiziwa kisasi. Tulivuka kwenda Zaire na Sudan, watu wazima na wachanga. Nyumba zilichomwa, na ndani ya nyumba kulikuwa na masanduku. Familia ngapi zilibeba sufuria na mtoto, zikaacha karatasi? Mama yangu alibeba sanduku la haboba kwa sababu haboba alikataa kutembea bila hilo. Halafu likapona vita, likarudi, likanikuta mimi na mkasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bahasha ndiyo daftari la watu wasiokuwa na daftari. Wakulima, vibarua na askari hawakuandika vitabu vya kumbukumbu. Walipigiwa muhuri, na muhuri hauna upendeleo: unasema mji, siku, mwezi na mwaka, kwa karani na kwa mkuu wa wilaya sawasawa. Barua za askari kutoka vitani nyingi zina muhuri wa posta ya jeshi na alama ya mkaguzi aliyezifungua kuzisoma. Kwa mtoto mwenye mkasi bahasha ya namna hiyo haina uzuri wowote. Kwa mwanahistoria inaonyesha kwamba mtu wa Koboko alikuwa Asia mwaka 1944, akiwaza nyumbani, na mtu mwingine akasoma mawazo yake kabla ya mkewe.

Tufanye nini

Sitaki makala hii ibaki kuwa maombolezo. Kuna kazi tunayoweza kuifanya bila mfadhili wala mkutano wa hotelini.

La kwanza, tusikate. Mwenye bahasha ya zamani aiache kama ilivyo, na stempu yake, na barua yake ndani. Asiibandike kwa gundi ya plastiki, maana inageuka njano na kula karatasi. Asiiandike juu kwa kalamu ya wino. Aiweke bapa mahali pakavu, mbali na jua na sakafu, ndani ya bahasha nyingine ya karatasi, akaikague kila msimu wa mvua unapoanza, kwa kuwa mchwa wa kwetu hawana likizo.

La pili, tuulize sasa. Chukua bahasha, kaa na mzee, chukua karatasi nyingine na uandike: nani alimwandikia nani, karani alikuwa nani, habari gani ilifika siku ile, machozi au vigelegele. Nusu saa inatosha kwa bahasha moja. Mzee akiondoka, hata miaka kumi ya utafiti haitalipa nusu saa hiyo.

La tatu, tuwe na mahali. Arua ni jiji tangu Julai 2020, na Chuo Kikuu cha Muni kiko hapa hapa. Maktaba yake inaweza kuanzisha rafu ya barua za West Nile: wenye nazo wazikopeshe kwa siku moja, zipigwe picha mbele na nyuma, zirudishwe nyumbani siku hiyohiyo. Hakuna anayeombwa kutoa mali ya familia yake. Na kwenye rafu hiyo ziwekwe pia picha za stempu za Millar na za Rowling, za Kongo na za ngamia, ili mwanafunzi wa Koboko aione historia ya posta ya nchi yake kama ilivyopita kweli, pamoja na miaka ambayo ilimpita kando.

Siku ya kufanya hivyo tunayo tayari. Tarehe 9 Oktoba ni Siku ya Posta Duniani, kwa kumbukumbu ya umoja wa posta ulioundwa Bern mwaka 1874. Tarehe hiyohiyo ndiyo siku ya uhuru wa Uganda. Kila mwaka tunasikiliza hotuba na kutazama gwaride. Naomba shule za Arua na Koboko siku hiyo ziwaambie watoto: njooni na bahasha moja ya babu au bibi yenu, na hadithi yake. Meza moja, kitambaa safi, na mzee mmoja wa kusimulia. Watoto wataona kwamba nchi hii iliunganishwa na watu waliongojana.

Nimesema barua zilikuwa 23. Bahasha nilizokata zilikuwa 22. Moja niliiacha, kwa kuwa muhuri ulikuwa umegongwa kwa nguvu ukaichafua stempu yote, nami nikaona haifai kuwekwa kwenye daftari langu. Ninayo hapa mezani. Stempu ni ya senti 20, rangi ya chungwa, korongo wake haonekani ila miguu. Muhuri umemfunika, na unasomeka vizuri: Arua, mwaka 1951. Jina la babu liko chini, namba yake, na 4 K.A.R., Jinja, kwa mwandiko wa karani wa Bazaar. Nyuma, kwenye mdomo wa bahasha, gundi aliyoilamba haboba ingali imeshika upande mmoja.

Barua iliyomo ndani ni fupi. Mtoto ameanza kutembea, bati zimefika, mvua bado. Nikiisoma najua mtoto ni nani, najua bati ni za nyumba ipi, kwa sababu najua mwaka.

Zile nyingine 22 nimezisoma zote, mara nyingi. Hazina tarehe ndani. Zinaanza kwa salamu na kumalizia kwa salamu. Najua zilisema nini. Sijui zilisemwa lini.